Usiilaumu hadithi, shoga

Tanga

Kwako Mwanaidi,

Salamu nyingi, na mama msalimie sana. Sisi huku tu wazima.

Umeniandikia kwamba kitabu cha sauti cha A Game of Thrones kimekushinda, na sasa unasema hadithi za mazimwi na falme za kubuni si zako. Shoga, subiri kwanza. Huenda kilichokushinda ni yule mzee anayesoma.

Ni Roy Dotrice, mwigizaji wa Uingereza. Guinness walimwandika kwenye rekodi zao kwa sauti 224 za wahusika alizoigiza katika kitabu hicho kimoja. Namheshimu. Walevi, mabwana wakorofi, wazee wa baraza, hao anawapatia barabara. Lakini sauti 224 nani atazikumbuka zote? Alipofika kitabu cha tano cha mfululizo huo, mwaka 2011, alikuwa na miaka 88, na Daenerys, binti mdogo kabisa, anaongea kama bibi kizee! Majina nayo anayatamka hivi leo, kesho vile. Ukisoma kwa macho hupati tabu, jina liko palepale kwenye karatasi. Kwa masikio, jina likigeuka na mtu kageuka, unabaki kujiuliza huyu ni yuleyule au kazuka mwingine. Na humo karibu kila jina ni la kubuni, hata pa kubahatisha huna.

Sasa tafuta kitabu cha sauti cha The Blade Itself ya Joe Abercrombie, nayo ni hadithi ya falme za kubuni, msomaji Steven Pacey. Yumo mtu anaitwa Glokta. Kazi yake kutesa watu, na mwenyewe aliwahi kuteswa hadi akang'olewa meno. Akisema na watu, Pacey anampa kithembe cha mtu mwenye mapengo. Akiwaza moyoni, kithembe hakipo! Maneno yanatoka safi, makali, ya yule kijana mpiga upanga aliyekuwa zamani. Kitabuni mawazo hayo yamelazwa herufi tu, basi. Mimi nilikuwa nachambua mchele, nikauacha. Mtu namchukia na kumwonea huruma kwa pumzi moja.

Na tafadhali usiongeze kasi. Najua mazoea yako ya kusikiliza kila kitu mbiombio. Pacey ana vituo vyake, ukivibana umemnyang'anya nusu ya kazi.

Kabla hujalipa, sikiliza kile kipande cha bure. Kikikupendeza, nenda hadi pale Glokta anapohangaika na ngazi huku akimlaani aliyezibuni, halafu nipigie.

Wako,
Rehema