Tapeli wa mapenzi hajulikani kwa sura, hujulikana kwa namba ya kulipia

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu lilipokuwa likifika Tanga kwa basi la jioni, na katika muda wote huo sijawahi kukuandikia, hata pale mlipochapisha jedwali la kodi za magari lenye makosa ambayo kijana wa mwaka wa kwanza katika kazi yangu angeyaona. Habari yenu ya majuzi kuhusu wanawake wanaolizwa na wachumba wa mtandaoni imenishinda kunyamazia. Naamini unaikumbuka: ni ile yenye kisanduku cha alama za kumtambua tapeli, na aya ya mwisho ambamo mwandishi aliwaambia wasomaji kwamba dawa ya kwanza ya utapeli ni kupunguza tamaa.

Nianze na kisanduku. Mmesema tapeli hutambulika kwa Kiswahili kibovu, kwa picha zilizopendeza kupita kiasi na kwa kukataa simu ya video. Huenda ushauri huo ulifaa zamani. Aliyemlaghai dada yangu, ambaye ni mkunga mstaafu na mjane, hakuwa na hata moja kati ya alama hizo. Alijitambulisha kuwa ni daktari Mtanzania anayefanya kazi Toronto, mwenyeji wa Pangani, na kabla ya jambo lolote alimpa pole ya msiba, kwa kuwa picha za arobaini ya shemeji yangu zilikuwa bado ziko wazi kwenye ukurasa wa dada, pamoja na jina la marehemu, mahali alipozikwa na majina ya watoto. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha baadhi ya waandishi wenu. Siku mama yetu alipopewa simu amsalimie, alipokea shikamoo kabla hajafungua kinywa, kisha akaulizwa hali ya miguu yake, jambo ambalo wajukuu zake wenyewe husahau.

Kuhusu simu ya video, bwana huyo hakukataa. Alipiga, sura ikaonekana, midomo ikawa inachelewa kidogo nyuma ya maneno, akalalamikia mtandao wa hospitali na kukata. Mwandishi wenu angefuatilia yanayotokea duniani angejua kwamba Oktoba 2024 polisi wa Hong Kong walitangaza kuwakamata watu 27 wa genge lililotumia akili mnemba kubadili sura na sauti katika simu za video, na kwa mapenzi hayo ya kutengenezwa walijipatia kiasi cha dola milioni 46 za Marekani. Mapema mwaka huohuo, na katika mji huohuo, mfanyakazi wa kampuni moja ya kimataifa alituma takriban dola milioni 200 za Hong Kong baada ya kikao cha video ambacho wenzake wote aliowaona walikuwa wa kughushi. Ikiwa mhasibu aliyesoma anaweza kuketi kikaoni na mizimu asitambue, mnamwambiaje mama wa Muheza kwamba simu ya video itamlinda?

Sisemi kwamba picha hazisemi kitu. Binti yangu alipozichukua na kuzitazama kwa utulivu, aliona kwamba katika picha iliyoitwa ya jikoni kwake Toronto, nyuma ya birika, palikuwa na soketi yenye matundu matatu ya pembe nne na swichi pembeni yake, kama ile iliyoko jikoni kwangu Ngamiani, ilhali Kanada hutumia plagi zenye pini bapa. Aliona pia kwamba daktari alikuwa akimwamsha dada kwa salamu saa 12 asubuhi za kwetu na kulisifu jua linavyochomoza, wakati Toronto iko nyuma yetu kwa saa 7 majira ya joto na saa 8 majira ya baridi, kwa hiyo kule ilikuwa usiku mkubwa. Alipozipandisha picha za sura kwenye Google, zikajitokeza chini ya majina mengine kabisa. Yote hayo ni kweli, lakini yaligunduliwa baada ya fedha kuondoka, na mtu aliyeanza kupenda hatazami soketi.

Mahali ambapo utapeli huu huonekana wazi, bila kuhitaji jicho kali wala elimu ya kompyuta, ni pale fedha zinapoombwa, na hapo kisanduku chenu hakikusema neno. Mimi nimefanya kazi ya uwakala wa forodha hadi nilipostaafu, hivyo niruhusu niseme kwa mamlaka kidogo. Daktari alidai ametuma mzigo wa zawadi kwa ndege, kisha dada akapigiwa simu na mtu aliyejiita afisa wa forodha wa uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, akatumiwa pia picha ya hati ya mzigo yenye mhuri mwekundu wa kupendeza. Namba ya hati ya mzigo wa ndege huwa na tarakimu 11: tatu za mwanzo ni za shirika la ndege, saba zinazofuata ni za mzigo wenyewe, na ya mwisho ni ya uhakiki, ambayo hupatikana kwa kuzigawanya zile saba kwa 7 na kuchukua baki. Hati ya dada ilikuwa na tarakimu tisa. Haikuwa na namba ya mlipakodi wala kumbukumbu yoyote ya TANSAD, ambayo ndiyo tamko la forodha la mzigo unaoingia nchini. Lakini hata asiyejua lolote kati ya hayo angeweza kujiuliza jambo moja tu, yaani fedha hizi zinalipwa wapi. Ushuru wa Serikali hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ambayo kila aliyelipia leseni au kodi ya jengo anaiita kontroo namba. Haulipwi kwa namba ya simu ya mtu. Dada aliambiwa atume shilingi 480,000 kwa namba ya simu, na kabla hajathibitisha, jina lililotokea kwenye kioo lilikuwa la mwanamke, wakati afisa aliyekuwa akizungumza naye alikuwa mwanamume. Alipouliza, alijibiwa kwamba hiyo ni namba ya mhasibu.

Sasa nije kwenye neno tamaa, ambalo ndilo lililoniketisha mezani kuandika barua hii. Dada yangu hakuwa na haja na simu wala manukato yaliyosemekana kuwamo ndani ya mzigo, na baada ya malipo ya kwanza alikwisha kusema kwamba mzigo urudishwe ulikotoka. Hapo ndipo aliyejiita afisa alipomwambia kwamba mashine imeona dola 20,000 taslimu ndani ya boksi, kwamba boksi lina jina lake, na kwamba asipolipia cheti cha kuthibitisha kuwa fedha hizo si haramu, shilingi 2,300,000, atakamatwa kwa utakatishaji fedha. Akaonywa pia asimwambie mtu, wala ndugu yake, kwa sababu uchunguzi unaendelea. Mwanamke aliyetumikia wodi ya wazazi kwa uaminifu mpaka akastaafu, ambaye hajawahi kuingia kituo cha polisi, alilipa kutoka kwenye kiinua mgongo chake kwa hofu ya pingu, na nyinyi mnaiita hofu hiyo tamaa. Alipopata ujasiri wa kwenda kuripoti, akiwa na karatasi zake zote kwenye bahasha, kijana wa zamu aliwaita wenzake waje wamsikilize mama aliyepata mchumba wa Kanada, wakacheka, kisha akaelezwa kwamba mapenzi hayana kesi. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu mwaka 2015, na inataja udanganyifu wa kompyuta na kujifanya mtu mwingine, lakini siku ile hakuna aliyeikumbuka. Wala kicheko hicho si cha kwetu peke yetu. Januari 2025 kituo cha televisheni cha TF1 cha Ufaransa kilionyesha habari za mwanamke aliyelaghaiwa na mtu aliyejifanya Brad Pitt, akapoteza euro 830,000, zaidi ya shilingi bilioni 2, na mojawapo ya malipo ya mwanzo yalikuwa, uangalie tena Mhariri, ushuru wa forodha wa zawadi. Watu walimdhihaki mpaka kituo kikalazimika kukiondoa kipindi. Marekani, ambako kompyuta si kitu kigeni, karibu watu 70,000 waliripoti utapeli wa mapenzi mwaka 2022, na hasara waliyoitaja ilikuwa dola bilioni 1.3. Hao ni walioripoti. Ni wangapi walinyamaza kwa kuogopa vijana wa zamu na safu za magazeti, tapeli ndiye anayejua, naye ananufaika na kila kicheko, kwa kuwa mtu aliyechekwa hamwonyi jirani yake.

Na kwa kuwa nimeshashika kalamu, kuna hili la laini za simu. Tuliambiwa kwamba usajili wa alama za vidole ungeyamaliza haya, na Januari 2020 laini ambazo hazijasajiliwa kwa njia hiyo zikaanza kuzimwa, watu wakapanga foleni juani kutafuta namba za NIDA. Tapeli wa dada yangu alikuwa na laini iliyosajiliwa, yenye jina kamili la mtu. Ilipatikanaje? Nilipobonyeza *106# kuangalia laini zilizoko chini ya kitambulisho changu, nilikuta moja nisiyoijua, na nikamkumbuka kijana wa mwavuli aliyenisajilia laini yangu, akaniambia kidole hakijasoma, niweke tena, halafu niweke tena. Kuiondoa laini hiyo kulinigharimu asubuhi nzima kwenye duka la kampuni husika, ambako niliulizwa kana kwamba mimi ndiye mwenye kosa. Bibi mmoja mkulima ambaye simu yake ni ya tochi anaweza kuwa, kwa mujibu wa kumbukumbu, ndiye mhasibu wa forodha wa dada yangu. Tumepewa namba 15040 ya kupeleka taarifa za matapeli, nayo ni huduma nzuri, kwani namba iliyoripotiwa hufungiwa. Lakini fedha huwa zimeshatolewa kwa wakala kabla mwathirika hajamaliza kulia.

Kwa hiyo napendekeza hivi. Kisanduku chenu cha sura na sarufi kiondolewe, na mahali pake, kwa ukubwa uleule mnaoupa matangazo ya kubeti, pachapishwe kwamba hakuna afisa wa Serikali anayepokea ushuru, faini wala ada ya cheti kwenye namba yake ya simu, na kwamba anayeambiwa asimwambie ndugu yake ndiye anayepaswa kumwambia ndugu yake siku hiyohiyo. Bango la maneno hayo libandikwe kwenye kila meza ya wakala wa fedha, si kwenye kuta za ofisi ambako hakuna anayesoma. Uingereza, tangu Oktoba 2024, benki zinaruhusiwa kuchelewesha malipo yanayotiliwa shaka kwa saa 72 za ziada, na Singapore mwaka 2025 imewapa polisi uwezo wa kuagiza benki zizuie kwa muda akaunti ya mtu anayekaribia kumtumia tapeli fedha zake, hata kama mwenyewe anakataa kuamini. Wabunge wetu, ambao hujua kusafiri kwenda kujifunza, wangeweza safari hii kujifunza hilo.

Kwetu ingetosha kwamba mtu anapotuma zaidi ya shilingi 300,000 kwa namba ambayo hajawahi kuitumia, fedha hizo zikae saa 24 kabla ya kutolewa. Matapeli huzuia mizigo isiyokuwepo kwa majuma, wala hakuna anayelalamika kwamba biashara inakwama. Kampuni za simu zinaweza kuzuia fedha zilizopo kwa siku moja. Katika saa hizo 24 apatikane mtu wa kumpigia mtumaji na kumuuliza kama anayemlipa anamjua, na jina lililotokea kwenye kioo ni la nani. Kazi hiyo inahitaji mtu mwenye subira na asiyecheka, lakini kama atakosekana, mwandishi wenu wa dawa ya tamaa aajiriwe kwa majaribio, aanzie zamu ya usiku, na wateja wake wa mwanzo wawe wajane.

Wako,
Wakala wa forodha mstaafu,
Ngamiani, Tanga