Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia: Miradi ya utafiti inahitaji mtunza data

Mheshimiwa Waziri,

Shikamoo, na pole kwa majukumu. Mimi ni mtunza data katika kituo cha utafiti wa malaria mkoani Morogoro. Nilianza kazi hii miaka kumi na moja iliyopita, nikiingiza madodoso kwenye kompyuta. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo hili linawagusa watafiti wetu wote wanaofanya kazi na wenzao walio mbali, Ulaya, Marekani na hata hapa hapa Afrika. Ombi langu ni moja: kila mradi wa namna hiyo unaopitia wizara yako uwe na mshahara wa mtu mmoja wa hapa nyumbani, ambaye kazi yake ni kuhakikisha upande huu na upande ule wanaelewana.

Nianze na vikombe.

Tukienda kijijini kukamata mbu, kazi inaanza saa 12 jioni na kuisha saa 12 asubuhi. Mkamataji anakaa na tochi, anamfyonza mbu kwa mrija, anampuliza ndani ya kikombe cha karatasi kilichofunikwa kwa neti. Kila saa ina kikombe chake, na ubavuni kimeandikwa kwa wino mzito: 12–1, 1–2, 2–3, hivyo hivyo hadi 11–12. Kukikucha tunahesabu, tunajaza fomu, tunaingiza kwenye kompyuta, tunatuma.

Miaka kadhaa nyuma wenzetu wa chuo kimoja cha Ulaya walipokea data za msimu mzima kwa mtindo huo. Walijua tunaanza jioni, ambayo kwa saa yao ni saa sita, basi wakazisoma namba zetu kwa saa yao na kuipanga safu kuanzia 6–7. Ikakaa sawa kabisa: saa kumi na mbili zote zimo, hakuna pengo, hakuna namba iliyobaki. Grafu ikaonyesha kwamba mbu wa kijiji kile huuma zaidi saa nane usiku wa manane, watu wakiwa wamelala ndani ya vyandarua.

Ukweli ulikuwa saa mbili usiku. Saa mbili usiku mama yuko nje anasonga ugali, watoto wako mkekani wanasubiri, na chandarua kimening'inia chumbani bila mtu. Tofauti hiyo ya saa sita ndiyo inayoamua kama kijiji kiongezewe vyandarua au kitafutiwe kinga ya kutumia nje kabla ya kulala. Kuna mtoto anayeugua au asiyeugua kutokana na uamuzi huo.

Kosa hilo halikugunduliwa kwenye mikutano yetu ya video, ingawa tulikutana humo kila Jumanne. Liligunduliwa na mwanafunzi wao aliyekuja kukaa nasi wiki tatu. Usiku wake wa kwanza kijijini alimwuliza mkamataji ni saa ngapi, akajibiwa, "Saa mbili na robo." Akaitazama saa yake ya mkononi. Akanyamaza kidogo, kisha akaomba aonyeshwe kikombe.

Siwalaumu wale wenzetu. Sisi wenyewe hatukuwaambia, kwa kuwa haikutujia akilini kwamba saa mbili inaweza kuwa kitu kingine. Gary Olson na Judith Olson, watafiti wa Marekani waliochunguza kwa miaka mingi kwa nini timu zilizo mbali hufaulu au hukwama, wanalipa jambo hili uzito mkubwa: watu wawe na uelewa wa pamoja, tena wajue kwamba wanao. Wanaonyesha pia kuwa kazi inayotaka mashauriano ya kila mara ni ngumu kufanyika kwa mbali, na inayogawanyika katika sehemu zinazoeleweka huenda vizuri zaidi. Jonathon Cummings na Sara Kiesler nao walifuatilia miradi 62 ya utafiti iliyofadhiliwa na serikali ya Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990. Iliyounganisha vyuo vingi zaidi ilizaa matunda machache zaidi, na uratibu wa karibu, pamoja na watu kukutana ana kwa ana, ndio uliopunguza pengo hilo. Hao walikuwa ndani ya nchi moja, wakitumia lugha moja. Sisi tunavuka bahari.

Mifano ya kufaulu tunayo hapa hapa. Rudolf Geigy, mwanasayansi wa Basel, Uswisi, alifika Ifakara, hapa Morogoro, mwaka 1949, na maabara ya utafiti ikajengwa mwaka 1957. Uhusiano huo ungalipo, na taasisi iliyozaliwa hapo leo iko mikononi mwa Watanzania. Nionavyo mimi, kilichoulinda ni watu kwenda na kurudi, kizazi baada ya kizazi. Bagamoyo na Korogwe nazo zilikuwa miongoni mwa vituo 11 katika nchi 7 vilivyoijaribu chanjo ya malaria ya RTS,S kwa watoto 15,459, chanjo ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza itumike Oktoba 2021. Vituo vyote vilifuata utaratibu mmoja ulioandikwa. Utaratibu wa namna hiyo haujisimamii. Unasimamiwa na waratibu na watunza data, watu wasioitwa mbele siku ya sherehe.

Na watu hao ndio wa kwanza kuachwa, Mheshimiwa. Katika mradi mmoja niliofanya kazi, kulikuwa na kijana aliyejua maana ya kila safu, kila kifupisho, na kila sampuli ilipo kwenye friza. Mkataba wake uliisha Juni pamoja na fedha za mradi. Alikabidhi ufunguo na daftari, akarudi kwao kufungua duka la vifaa vya simu. Septemba wenzetu wa nje wakaandika kuuliza kifupisho fulani kina maana gani. Hatukuwa na jibu. Sampuli za vijiji viwili bado zimo kwenye friza, tunazilipia umeme, na hakuna anayeweza kuzitumia.

Tunapenda sana kununua vifaa na kusaini hati za makubaliano mbele ya kamera, lakini vifaa peke yake havitoshi. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ikazorota nchi nzima. Mikutano yetu ya video ya wiki ile ilikufa. Kazi iliendelea kwa wale waliokuwa na nakala ya data kituoni na waliofahamiana kiasi cha kupigiana simu ya kawaida.

Kwa hiyo naomba mshahara huo uandikwe kwenye bajeti tangu mwanzo, na uendelee walau mwaka mmoja baada ya mradi kufungwa. Nauli ya kutembeleana, wao kwetu na sisi kwao, itengwe kwa miezi ya mwanzo, kabla data hazijaanza kutumwa. Suala la nani anamiliki data na majina ya nani yataandikwa kwenye makala limalizwe kabla sampuli haijapanda ndege.

Ukipata nafasi, karibu Morogoro ukae nasi usiku mmoja kijijini. Tunaanza saa 12 jioni, na siku hizi vikombe vyetu vinaandikwa saa zote mbili, yetu na yao.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mtunza data, Morogoro