Yakhe, itafute ile simu yako ya zamani

Asalaam alaykum yakhe,

Najua utasema huyu akiandika ana shida, na kweli nna shida, basi salamu nazikata. Wazima wote, bibi ndo miguu yake ile ile, Wete kunanyesha.

Ni hivi. Ile habari ya Kanada nlokwambia Idi sikuiacha. Wana njia ya watu wenye ujuzi, wanakupima kwa pointi 100, unatakiwa upate 67. Mpishi anahesabika, weita hahesabiki (usimwambie Babu Trei, atanuna mwezi mzima). Umri nimepata 12. Diploma ya chuo cha Maruhubi nimeipeleka ikathaminiwe, wakiikubali ya miaka miwili ni 19. IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, nimeifanya Dar, nauli ya boti mara mbili kwa sababu mara ya kwanza pasipoti niliisahau juu ya kabati, cheka tu, nikapata sita kila sehemu, hiyo 16. Dada yupo Toronto na makaratasi yake yote anayo, 5. Uzoefu ukifika miaka sita ni 15. Piga hesabu: 67 kavu, wala si 68!

Sasa huo uzoefu. Hapa nilipo nna miaka mitatu, hiyo inanipa 11, nabaki 63, nje. Lazima niingize ile minne tulopika pamoja, na kule unajua, hoteli imefungwa 2020 na korona, tajiri karudi kwao, juzi nimepita jikoni kwetu kumejazwa simenti. Pale ulipokuwa ukinipigia kelele za pweza mgumu pana mifuko mpaka darini.

Wao wanataka barua ya mwajiri, iseme cheo, tarehe, saa kwa wiki, mshahara, na kazi ulokuwa ukifanya moja moja. Bosi wa sasa kaniandikia mistari miwili, "ni mfanyakazi mtiifu, hana ugomvi na mtu", na muhuri mkubwa kama sahani. Nimemrudia mara nne ndo kaandika ya maana. Huyo yupo hai na ofisi anayo, je wa kule aloondoka? Nimekwenda ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, michango yangu inaonesha miezi 14 tu kati ya 48, kumbe tukikatwa kila mwezi na pesa haziendi! Na wewe kaangalie yako. Bahasha za mshahara nliziweka chini ya kitanda kwa mama, mchwa wamekula, imebaki moja na nusu.

Kuna jamaa Darajani kaniambia laki tatu, barua ina kichwa na muhuri, jioni unaichukua. Wallahi nilisita kidogo. Lakini wakikugundua umewadanganya wanakufungia miaka mitano usiombe tena, na mimi kazi nimeifanya kweli yakhe, alama ya mafuta ipo mkononi, kwa nini niinunue kwa muongo?

Tena mwakani natimiza 36, pointi moja ya umri inaondoka, nabaki 66. Na hiyo 67 yenyewe ni ya kuingia ukumbini tu, mle ndani wanawapanga upya na kuchagua wa juu. Dada anasema bora nisome Kifaransa, pointi zipande. Mimi, Kifaransa! Haya.

Barua ya hoteli ndo haipo tena, lakini unaruhusiwa ueleze kwa nini huna na ulete ushahidi mwengine. Wewe ndo ulokuwa mkubwa wa jiko. Unaweza kunitolea maelezo, uandike nlichokuwa nikifanya na saa zangu, uape kwa wakili huko Maskati? Na ile rota ulokuwa ukiipiga picha kila Ijumaa ukaitia kwenye grupu, simu ile unayo bado au ulimpa Seif? Mkataba wako ulisainiwa na nani? Namba ya tajiri ya Italia inaita? Hivi mimi nilianza Machi 2016 au Aprili, maana nakumbuka mvua tu.

Na mtoto keshaanza kutembea? Nipigie usiku, mchana nipo motoni.

Wako,
Mdogo wako wa jikoni