Ile michoro ya Murang'a si ya kupita tu

Mhariri, naomba kanafasi kidogo. Juzi nilipita Kanisa Kuu la Anglikana pale Murang'a nikakaa kwa benchi karibu saa nzima naangalia ukuta, maana ile michoro mitano ya Elimo Njau ya miaka ya 1950 si ya kupiga selfi na kwenda zako. Njau ni mtu wa Marangu huko Kilimanjaro, alisomea Makerere, na Yesu wake ni Mwafrika kama mimi, anazaliwa, anabatizwa, anakula na wanafunzi, Gethsemane, mpaka msalabani.

Sasa mimi nimekulia chini ya kalenda ya sebuleni kwa nyanya, Yesu wa macho ya bluu na nywele zimechanwa vizuri (mwaka wa kalenda uliisha kitambo na hakuna aliyethubutu kuitoa), kwa hiyo kwanza nilishtuka. Alafu ukikumbuka kanisa lenyewe lilijengwa kukumbuka Wakristo waliouawa wakati wa Mau Mau, ule msalaba unauona tofauti kabisa.

Walimu wa Sande skuli wapelekeni watoto, na msiwahubirie, waacheni waangalie.

Msomaji wenu, Thika