Bodi kwanza, lugha baadaye

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie suala la lugha ya kuandikia programu inayowafaa wanafunzi wanaoanza kutengeneza roboti. Mimi ni mlezi wa klabu ya wanafunzi hapa Mtwara mjini, na wengi wanaoniuliza hutaka jibu la neno moja, Python au C++, ilhali mimi huanza kwa kuwauliza wana bodi gani kabatini, yaani ile kompyuta ndogo inayoendesha roboti.

Sisi tulianza na Python kwa sababu kila mtu alituambia ni nyepesi, na kweli ni nyepesi. Wanafunzi waliisoma wiki tatu, kila umeme ulipokuwapo. Tulipofungua boksi la Arduino Uno tulizopewa msaada, tukabaini kwamba bodi ile ina kumbukumbu ya kufanyia kazi ya kilobaiti 2 tu, isiyotosha hata kwa MicroPython, yaani Python iliyopunguzwa kwa ajili ya vifaa vidogo. Tukarudi mwanzo na C++.

C++ inachosha, sikatai. Alasiri nzima ilituishia tukisaka nukta mkato moja iliyosahauliwa, kwa kuwa kompyuta ililalamikia mstari wa chini yake, ambao haukuwa na kosa lolote. Hata hivyo, gari letu dogo lilipogonga ukuta badala ya kusimama, lugha haikuhusika: tuliliamuru lisubiri sekunde nzima kabla ya kupima umbali tena, nalo likaenda sekunde hiyo yote kama kipofu. Kwa Python lingegonga vilevile.

Mwenye bodi ya ESP32 au micro:bit, zenye kumbukumbu ya kutosha, aanze na MicroPython bila wasiwasi, kwani mwanafunzi huandika mstari mmoja akaona mota ikizunguka papo hapo, bila kupakia programu nzima upya. Wenye Uno tuvumilie nukta mkato zetu. (Watoto wa msingi wana Scratch, lugha ya kuunganisha vipande vya amri kwenye skrini, na inawatosha.)

Ombi langu ni kwa wanaonunulia vifaa shule za Mtwara na Lindi: wamuulize mwalimu kabla ya kununua, au angalau waandike jina la bodi kwenye barua ya msaada. Yetu iliandikwa “vifaa vya roboti” tu, na boksi lilifika wiki tatu baada ya barua.

Mwalimu mlezi,
Mtwara