Barua ya wazi kwa Waziri wa Sanaa: naomba skripti yangu isomwe mpaka mwisho

Shikamoo Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Bagamoyo mji mkongwe. Kazi yangu ni kupiga video za harusi, na kwenye harusi nimejifunza kuangalia mikono, manake bwana harusi uso anaweza kuukaza ila mikono inamtetemeka tu. Ndo maana nikaandika filamu fupi ya dakika 9, ya majaribio, uso wa mtu hauonekani hata mara moja, ni mikono na simu na sauti. Kijana wa kiume anamsubiri kijana wa kiume mwenzake waliyejuana mtandaoni. Basi. Hakuna busu, hakuna kitanda.

Kuna shoti moja ya dakika 2 nzima, simu iko juu ya meza ya plastiki pembeni ya soda, kioo kinawaka "anaandika..." kinazima, kinawaka tena, mkono unakuja unailaza simu kifudifudi, soda imetoa jasho mpaka maji yamechora duara mezani. Anawaza yale yale ya kila mtu aliyewahi kusubiri mtoko, shati limenikaa, atanipenda, mbona picha zake zote kavaa miwani, alafu linakuja swali ambalo mimi kwenye mitoko yangu sijawahi kuwa nalo, huyu ni mtu kweli au ni wale wanaojifanya, ukifika wanakupiga picha wanakudai hela la sivyo zinaenda kwa baba yako.

Hilo sikulitunga. Lilimkuta rafiki yangu wa tangu shule ya msingi, kalipa laki nne kidogo kidogo, polisi hakwenda sababu wa kwanza kujieleza angekuwa yeye. Mama yangu na jirani yake wanaitana shoga tangu sijazaliwa, si unajua pwani, ila neno hilo hilo likimhusu rafiki yangu mama anashusha sauti na kuangalia mlangoni.

Sheria ya filamu na michezo ya kuigiza ya 1976 inataka kibali kabla hujarekodi, na mimi nimekubali nikaenda ofisi moja kuulizia utaratibu. Mzee aliyenipokea alisoma mistari miwili akaifunika karatasi kwa kiganja, akasema mwanangu ondoka nayo hii kabla hajaingia mtu. Hakunifokea Mheshimiwa, aliogopa, na kile kiganja juu ya karatasi ni shoti yangu ya simu kabisa, sikuwa nimeipiga bado nikaiona pale.

Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu nakijua, kile cha kuingiliana kinyume na maumbile, jela miaka 30 mpaka maisha. Kinaadhibu tendo, na kwenye skripti yangu mtu amekaa kwenye kiti anasubiri. Wenzetu Kenya mwaka 2018 waliifungia filamu ya Wanuri Kahiu inayoitwa "Rafiki", ya wasichana wawili wanaopendana, Septemba mahakama ikairuhusu siku 7, watu wazima wakakata tiketi wakaangalia wakarudi makwao.

Ninachoomba ni kurasa zote 11 zisomwe na mtu ambaye haogopi kuonekana anazisoma. Ikionekana haifai watoto iwekwe ya miaka 18, nakubali, na kama haifai kabisa basi niandikiwe sababu, ukurasa gani, mstari gani, ili nijue nilichokosea. Nimeshachapa nakala 3. Nikiitwa Dodoma hata kesho napanda basi, nitakaa mapokezi mpaka mtu afike ule ukurasa wa mwisho, ambapo simu inageuzwa tena na kijana anajibu "nimefika".

Wako,
mpiga video wa harusi, Bagamoyo