Barua kwa mwanangu Rehema, mwalimu mpya wa Hisabati

Mwanangu Rehema,

Salamu sana. Baba yako amenisomea ujumbe wako kwamba mwalimu mkuu amekupangia Hisabati ya Darasa la Tano, nawe ukamjibu, "Hesabu si zangu, ila nitajitahidi." Kujitahidi sawa. Hayo maneno ya mwanzo ndiyo yaliyoninyima usingizi. Usiyatamke mbele ya watoto, hata kwa utani.

Sikutishi bure. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walichapisha utafiti wa walimu wa kike 17 wa darasa la kwanza na la pili. Mwaka wa shule ulipoanza, hofu ya mwalimu haikuonekana kwenye alama za watoto. Ulipokwisha, wasichana waliofundishwa na walimu waoga wa hesabu walielekea zaidi kuamini kwamba hesabu ni za wavulana, na walioamini hivyo ndio waliofanya vibaya. Wavulana haikuwagusa. Wewe ni mwanamke, Rehema, na mabinti watakusoma usoni kabla ya kusoma ubao.

Hofu ya mwalimu inatibiwa kwa maandalizi, tena ya kalamu. Usiku wa kuamkia kipindi, fanya kila swali la zoezi kwa mkono wako, kwa njia mbili, kisha andika pembeni kosa unalolitarajia. Chukua 1/2 + 1/3. Wengi watakuletea 2/5, maana wamejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, kama namba nzima. Usikimbilie kalamu nyekundu. Muulize: nusu ya 5 ni ngapi? Mbili na nusu. Basi 2/5 haifiki nusu. Umejumlishaje ukabaki na pungufu ya ulichoanza nacho? Hapo mpe ukanda wa karatasi aukunje sehemu 6 sawa, apake rangi sehemu 3, ndiyo nusu, kisha 2, ndiyo theluthi. Ataiona 5/6 kabla hujataja KDS, yaani Kigawe Kidogo cha Shirika. Ukitanguliza KDS atakariri hatua, na wiki ijayo atazichanganya. Kidato cha Kwanza atayakuta hayohayo kwa Kiingereza, na huko hakuna wa kumrudisha nyuma.

Hofu inakula ile nafasi ya akili inayoshika tarakimu wakati mtu anakokotoa. Ndiyo maana mtoto anayejua 7 × 8 akiwa nyumbani anaisahau akiitwa ubaoni ghafla. Ukiuliza swali, nyamaza sekunde 3 hadi 5. Waandike kwanza, walinganishe na jirani, ndipo umwite mtu. Majaribio ya jedwali la kuzidisha yasiwe ya kushindana na saa. Maswali 10 yanatosha, mawili ya mwanzo yawe rahisi. Fimbo iache ofisini. Anayechapwa kwa kukosa 7 × 8 hajifunzi 56, anajifunza kunakili kwa jirani. (Kwenye hili usinijibu.)

Kabla ya mtihani wape dakika 10 waandike wanachokiogopa, wewe usikisome. Hilo nalo lilijaribiwa Marekani, likachapishwa 2011, na waoga ndio walionufaika zaidi.

Kanisani nimeshawatangazia wote kwamba binti yangu anafundisha Hisabati, kwa hiyo usiniaibishe kwa kubadilishana vipindi na mwalimu wa Kiswahili. Najua umeshafikiria. Ulivyo mvivu wa kufanya zoezi mpaka mwisho, ungekimbilia hapo. Na nasema tena: yale maneno yasikutoke darasani.

Chandarua kiko kwenye begi la bluu, chini ya unga. Kaka yako anadai hela yake ya king'amuzi, mlipe mshahara wa kwanza ukiingia. Vizibo vya soda vya kuhesabia nimekujazia kiroba kidogo. Vioshe kabla ya kuwapa watoto, vingine bado vinanata.

Mama yako